Umefukuzwa kazi kwa utovu wa nidhamu: CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), kazi nyingine, boda au kuhama mji? Tulinganishe

Barua ya kusitishiwa ajira kwa utovu wa nidhamu inaumiza popote, lakini huku Nyanda za Juu Kusini ina uchungu wa ziada kwa sababu miji yetu ni midogo. Mwenye duka la jumla pale Mwanjelwa alisoma na meneja wa ghala la Iyunga. Mke wa meneja anaimba kwaya moja na mwalimu mkuu wa shule ya Uyole. Iringa ni hivyo hivyo, neno la asubuhi Miyomboni jioni liko Ipogolo. Hujamweleza hata mwenzako nyumbani, jirani ameshasikia.

Kwa hiyo wengi wanaofukuzwa hufanya uamuzi wa kwanza kwa aibu. Mmoja anapanda basi la Dar bila mwenyeji. Mwingine anakopa anunue bodaboda. Mwingine anajifungia ndani mpaka siku za kwenda kulalamika zinamwishia. Nimewaona wa namna hiyo miongoni mwa ndugu, na nimewaona kazini, maana muda mrefu nimekaa upande wa meza ya wanaoajiri, kwenye biashara ya vifaa vya ujenzi hapa Mbeya. Ninachokiamini ni kwamba njia ya kutokea huchaguliwa kwa kusoma kosa lililoandikwa kwenye barua. Nani atacheka, nani atasema nini msibani, hayo hayakupi kazi. Tuzilinganishe njia zenyewe moja moja.

Soma barua kwanza: kosa lako ni la kundi gani?

Waajiri wa huku, wakubwa kwa wadogo, wanayapanga makosa katika makundi ambayo hawayaandiki popote.

La kwanza ni pesa na mali: shoti (upungufu wa pesa) kwenye droo, simenti iliyopungua stoo, mafuta ya lori yaliyonyonywa njiani, risiti ya kughushi, marejesho ya wateja wa mikopo yasiyofika ofisini. Hili ndilo linaloogopwa kuliko yote. La pili ni mahudhurio na pombe: utoro, kuchelewa kila Jumatatu, kufika kazini na harufu. La tatu ni maneno na mikono: kugombana na msimamizi, kumtukana mteja, kupigana getini. La nne ni uzembe, kama dereva aliyepindua gari au mlinzi aliyelala.

Makundi haya hayafungi milango ile ile. Aliyemtukana msimamizi anaweza kupata kazi ya stoo wiki ijayo, na aliyepoteza pesa hawezi. Ila aliyepoteza pesa, kama hana shida ya pombe wala ugomvi, anafaa sana kazi za uzalishaji ambako hagusi droo. Watu hawalioni hili kwa sababu wanarudi kuomba kazi ile ile waliyofukuzwa, wanakataliwa, halafu wanahitimisha kwamba dunia nzima imewakataa.

Jambo jingine la kutazama kwenye barua ni uzito wa kosa kisheria. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinataja makosa yanayoweza kuhalalisha kufukuzwa: kukosa uaminifu kwa kiwango kikubwa, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi, uzembe uliokithiri, kumshambulia mfanyakazi mwenzako, mteja au mtu wa familia ya mwajiri, na ukaidi uliokithiri. Kanuni hizo hizo zinasema kosa la mara ya kwanza halitoshi kumfukuza mtu, isipokuwa liwe zito kiasi kwamba haiwezekani tena kuendelea naye. Kama umefukuzwa kwa kuchelewa mara moja, au kwa kujibu vibaya siku moja baada ya miaka mingi ya kazi safi, sehemu inayofuata inakuhusu sana.

Kwenda CMA au kuachana nayo

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na vitu viwili: sababu halali na utaratibu wa haki. Sababu ikiwepo na utaratibu ukakosekana, bado una hoja. Utaratibu wenyewe ni uchunguzi, hati ya tuhuma iliyoandikwa kwa lugha unayoielewa, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, kikao cha nidhamu ambacho unaweza kwenda na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi, halafu uamuzi wenye sababu zake. Huku kwetu, hasa kwenye maduka na viwanda vidogo, hatua hizi mara nyingi hazifuatwi. Mtu anaitwa ofisini saa nne, saa tano yuko nje ya geti. Na mbele ya CMA ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki.

Lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30 tangu ajira iliposimama. Ofisi zipo Mbeya na zipo Iringa. Unajaza Fomu Na. 1, nakala anapokea mwajiri, kisha unaipeleka Tume pamoja na ushahidi kwamba ameipokea. Hulipii ada, na unaweza kujisemea mwenyewe. Ukichelewa, kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda, lakini lazima uwe na sababu ya maana, na "nilikuwa nawaza" haimo. Kama hujatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo, ulinzi huu wa sheria dhidi ya kuachishwa isivyo halali haukuhusu. Mtumishi wa umma naye ana mlango wake, rufaa yake inapita Tume ya Utumishi wa Umma kwanza.

Sasa ulinganisho. Anayeachana nayo anapata utulivu. Hapandi ngazi za ofisi, na hamchokozi mwajiri ambaye kesho anaweza kupigiwa simu na mwajiri mpya. Hofu hiyo ni ya kweli, siidharau. Anayekwenda anapata nafasi ya fidia au hata kurudishwa kazini, ila shauri linaweza kuvuta: usuluhishi kwanza, ukishindikana uamuzi, na asiyeridhika anaweza kwenda Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi.

Lakini kuna faida moja ya CMA ambayo watu hawaitumii, na mimi naiona kubwa kuliko pesa kwa anayetafuta kazi mpya. Kwenye usuluhishi mnakaa mezani mnaelewana. Hapo unaweza kuomba zaidi ya fedha. Unaweza kuomba barua nyingine isemayo kwamba ajira imekoma kwa makubaliano ya pande mbili. Unaweza kuomba muandikiane kwamba mwajiri akipigiwa simu atataja kazi uliyofanya na tarehe zako tu. Mwajiri ambaye hakufuata utaratibu anakubali mambo haya kirahisi kuliko kutoa mamilioni, kwa sababu hayamgharimu. Kwako wewe yanafungua usaili.

Na kwenda CMA hakukuzuii kutafuta kazi. Unaweza kuwa na tarehe ya usuluhishi Jumatano na ukaenda usaili Alhamisi. Kwa hiyo maoni yangu hayana kona: kama ulifukuzwa bila kikao, au kwa kosa dogo la mara ya kwanza, nenda, na uende mapema. Kama ulikamatwa na mzigo mkononi, kikao kikakaa, ukakiri na kusaini, usipoteze nauli kudai kurudishwa. Elekeza nguvu kwenye malipo unayostahili hata hivyo.

Malipo hayo yapo, na watu wengi wa kosa la nidhamu wanadhani wamepoteza kila kitu. Kiinua mgongo cha kisheria, kile cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliotimia, ndicho kinachokosekana ukiachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Mshahara wa siku ulizofanya kazi uko pale pale, na likizo uliyolimbikiza. Kama uliajiriwa Songea ukaletwa Mbeya, mwajiri anawajibika kukusafirisha na mizigo yako mpaka ulikoajiriwa, au alipe nauli. Na kuna cheti cha utumishi. Sheria inamtaka mwajiri akupe unapoondoka, bila kujali umeondokaje. Kidai hicho kabla ya kitu chochote, maana ndicho kinachoonyesha kwamba ile miaka ulikuwa kazini kweli.

Kama barua bado haijatoka: kujiuzulu au kusubiri kikao

Mara nyingi mwajiri anasema kwa upole, "Andika barua ya kuacha kazi, tumalizane kistaarabu." Inavutia, kwa sababu unatoka na jina safi. Gharama yake ni kwamba aliyeacha kazi mwenyewe hana kesi rahisi CMA, na fao la kukosa ajira la NSSF, ambalo mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 anaweza kuliomba, halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari. Kama kosa ni la pesa na ushahidi upo, kujiuzulu kunaweza kuwa nafuu. Kama unajua hukufanya, subiri kikao.

Kwenye usaili: kuficha, kusema yote, au kusema kwa kipimo

Hapa ndipo kazi mpya inapopatikana au kupotea, na ndipo watu wanapokosea zaidi.

Nikupe mfano nilioushuhudia. Tulikuwa tunatafuta mtu wa stoo. Wa kwanza alikuja na maelezo mazuri, vyeti vimepangwa kwenye bahasha. Alipoulizwa kwa nini aliondoka alikotoka, akajibu, "Niliacha mwenyewe, mzee, mshahara ulikuwa mdogo." Mzee mwenye duka hakubisha. Alichukua simu, akatafuta namba, akaweka spika juu ya meza. "Shikamoo kaka, nina kijana wako hapa." Yule wa upande wa pili akacheka kidogo, kisha akasema maneno mawili tu: "Tuongee baadaye." Kijana alianza kukusanya vyeti vyake kabla simu haijakatwa.

Wa pili naye alifukuzwa, tena kwa upotevu wa mali, kundi lile baya. Alisema kabla hajaulizwa. "Mzee, kule niliondolewa. Simenti ilipungua na funguo nilikuwa nazo mimi. Sikuuza mfuko hata mmoja, lakini asubuhi nilikuwa namwachia kuli funguo nikanywe chai, na hilo nalikubali. Msimamizi wa zamu yangu yule pale sokoni, unaweza kumuuliza." Mzee alimuuliza kweli. Kijana akapewa kazi ya kuhesabu mzigo unaposhuka kwenye lori, bila funguo. Funguo alikuja kupewa baadaye, mwenye duka mwenyewe alipoona hesabu zake hazipishani na za dereva.

Angalia alichofanya. Alitaja kosa kwa sentensi chache, akasema sehemu yake bila kubeba ya wengine, akataja mtu wa kuulizwa. Hakumsema vibaya bosi wa zamani. Hakulia shida za nyumbani. Huko ndiko ninakoita kusema kwa kipimo.

Kusema yote nako kuna hatari yake. Wapo wanaofika kwenye usaili na kutoa ushuhuda kama wa kanisani, kuanzia ugomvi wa ndoa mpaka deni la VICOBA. Mwajiri anatoka pale amechoka, na anachokumbuka ni matatizo. Kwa makosa ya pombe na utoro, kipimo kizuri ni kutaja kilichobadilika na kinachoweza kuonekana. "Tangu mwezi wa tatu nafanya kibarua cha mashine ya mpunga Igurusi, nafika saa moja asubuhi, uliza mwenye mashine." Ahadi kwamba umeacha pombe haina bei. Mtu anayekuona ukifika saa moja kila siku ndiye mdhamini wako.

Kuficha kunawezekana pale tu ambapo hakuna atakayeuliza: kibarua cha siku, kazi ya msimu, au mji wa mbali kabisa. Hata hapo kuna tofauti kati ya kutotaja na kudanganya. Kuruka kazi moja kwenye maelezo binafsi yako ni uamuzi wako, ingawa pengo litaulizwa. Kutengeneza barua ya utumishi kwenye steshenari na kuchonga muhuri ni kughushi, na hiyo ni jinai. Mtu aliyefukuzwa kwa kuchelewa anajikuta amejitengenezea kosa kubwa kuliko la kwanza. Matangazo ya kazi serikalini huonya wazi kwamba wanaowasilisha taarifa za kughushi watachukuliwa hatua za kisheria, na yanataka wadhamini watatu wa kuaminika. Wapange mapema wadhamini hao. Si lazima awe bosi aliyekufukuza. Msimamizi wa kazi ya nyuma zaidi, mwalimu wa chuo, hata mteja mkubwa uliyemhudumia vizuri, wote wanafaa, ila wajulishe kabla hawajapigiwa simu, na wajue kilichotokea.

Nani wa kumwomba kazi

| | Kampuni kubwa, benki, shule zenye bodi | Duka, ghala, mashine, kiwanda cha mbao | Kibarua na kazi ya msimu | Boda, genge, shamba |
|---|---|---|---|---|
| Anataka nini | Cheti cha utumishi, wadhamini, fomu | Mtu wa kukudhamini anayemfahamu | Mikono na kuwahi | Mtaji, au mwenye chombo akuamini |
| Kosa linalobana zaidi | Pesa, kughushi | Pesa, ugomvi | Utoro, pombe | Pombe, kutofikisha hesabu |
| Pesa ya kwanza | Baada ya miezi | Mwisho wa mwezi | Jioni au mwisho wa wiki | Boda siku hiyo hiyo, shamba mpaka mavuno |

Jedwali halisemi yote. Kampuni kubwa zina sifa moja nzuri ambayo aliyefukuzwa haioni: zinafuata karatasi. Ukiwa na cheti cha utumishi na makubaliano ya CMA yanayosema mliachana kwa maelewano, afisa utumishi anaweza kukupitisha, kwa sababu kazi yake ni kukagua nyaraka. Mwenye duka hana habari na nyaraka. Kwake neno la mtu mmoja anayemheshimu linashinda bahasha nzima ya vyeti, na linaweza kukuingiza kazini kesho asubuhi. Basi mwenye kosa la maneno na mikono, ambaye karatasi zake ziko sawa, namshauri aanze na wakubwa. Mwenye kosa la pesa asianze na benki wala taasisi ya mikopo, huko watu wanaulizana. Aanze na viwanda na mashine, mahali ambapo kazi inapimwa kwa mbao zilizopasuliwa au magunia yaliyokobolewa. Mafinga, kwa sababu ya msitu wa Sao Hill, ina viwanda vya mbao vingi, na Mbarali ina mashine za mpunga zinazohitaji watu hasa mavuno yakishuka.

Kibarua watu wanakidharau, hasa aliyekuwa anavaa tai. Mimi nakipa uzito kwa sababu nyingine zaidi ya ujira wake mdogo, maana kinakupa mdhamini mpya. Kuchuma chai Rungwe au Mufindi, kupanga parachichi kwenye makreti Njombe, kupakia viazi Isyonje: miezi michache ya kufika kila siku inakupatia msimamizi atakayesema "huyu namjua". Kwa aliyefukuzwa kwa utoro au pombe hii ndiyo njia bora kuliko zote, wala sioni ya pili yake.

Kuhusu kujiajiri nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nimeona familia zikiumia. Boda ya hesabu na boda ya mkataba ni vitu viwili. Ya hesabu unapeleka kiasi mlichokubaliana kila siku na chombo kinabaki cha mwenyewe. Ukishindwa, unarudisha funguo na hasara yako inaishia hapo. Ya mkataba unalipa mpaka kiwe chako, lakini ukikwama katikati unaweza kunyang'anywa na yote uliyolipa yakaenda. Mtu aliyetoka kufukuzwa, ambaye bado analipa ada na kodi ya nyumba, aanze na ya hesabu. Leseni iwe imekamilika kabla ya siku ya kwanza, mvua za Mbeya na vilima vyake si pa kujifunzia.

Shamba nalo. Viazi vinaonekana vinalipa ukipita barabarani na kuona magunia yamejipanga. Ukiingia unakuta mbegu, mbolea, dawa ya ukungu kila mvua ikizidi, na mnunuzi anayetaka gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, kwa bei ya gunia la kawaida. Lima kama una ardhi ya ukoo na mtu wa nyumbani anayejua. Usichukue malipo yako ya mwisho yote ukayazika kwenye ekari ya kukodi, kwa sababu hutakuwa na nauli ya kwenda usaili ukiitwa.

Kubaki au kuhama

Kuhama kunatibu kitu kimoja tu, nacho ni kujulikana. Kama kosa lako limesambaa na ni la pesa, mji mwingine unaweza kukupa pumzi. Tunduma ina mawakala wa forodha, maghala na malori yanayovuka kwenda Zambia, na watu wanaingia na kutoka kila siku, hivyo hakuna anayeshangaa mgeni. Makambako ni njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea, biashara haikomi. Chunya kuna dhahabu, ila kwa mtu aliyefukuzwa kwa pombe machimbo ni mahali pabaya, na namwomba kwa dhati asiende.

Unachokipoteza ukihama ni wadhamini. Mwajiri wa Tunduma naye anataka mtu wa kukudhamini, pengine na barua ya serikali ya mtaa, na kule huna wote wawili. Hapa ulipo, pamoja na maneno yote, kuna shemeji, kuna mzee wa kanisa, kuna fundi mliyefanya naye kazi miaka. Wanajua ubaya wako na uzuri wako pia. Aliyefukuzwa kwa ugomvi au kwa uzembe sioni sababu ya yeye kuhama hata kidogo. Anayehama asiage kwa kukimbia. Apite kwa mtu mmoja anayeheshimika, amweleze, aombe namba ya mtu wa kule. Dar bila mwenyeji wala kazi ya kuanzia ni ya mwisho kwenye orodha yangu, chumba na chakula vitamaliza akiba kabla hujaitwa usaili wa kwanza.

Kwa mwenye shoti: kulipa au kuliacha

Hili linawahusu wa kundi la kwanza peke yao, na ndilo linaloulizwa kwa sauti ya chini. Umefukuzwa kwa upungufu wa pesa, mwajiri anasema unadaiwa. Ulipe?

Kama ulichukua, lipa, hata kwa mafungu madogo. Kila unapolipa chukua risiti au karatasi yenye sahihi, na uombe deni likiisha akuandikie kwamba hadai tena. Karatasi hiyo ukiiweka mbele ya mwajiri mpya inafanya kazi ambayo maelezo ya saa nzima hayawezi. Kwenye miji hii ambako kila mtu anajua, habari kwamba fulani alilipa mpaka senti ya mwisho nayo inasambaa, na inafika Mwanjelwa kwa njia ile ile iliyofikia habari ya kwanza.

Kama hukuchukua, usisaini karatasi inayosema umeiba ili tu upate mshahara wako wa mwisho. Mwajiri hawezi kukata hasara kwenye ujira wako bila kukueleza kwa maandishi chanzo na kiasi, na bila kukupa nafasi ya kupinga, na makato ya namna hiyo hayatakiwi kuvuka robo ya ujira. Kama unakubali uzembe na hukubali wizi, kama yule kijana wa funguo, andika hivyo hivyo kwa mkono wako: upungufu wa kiasi fulani, uliotokea tarehe fulani, nikiwa mtunza stoo, nakubali kuchangia kiasi fulani kwa miezi fulani. Weka sahihi, mwajiri aweke yake, shahidi awepo, nakala moja ibaki kwako.